Majuma sabini ya Danieli: ile "miaka saba" inatoka wapi, na hesabu inaishia wapi

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Kwenye semina ya vijana mwalimu alituchorea mstari ubaoni kuanzia Danieli 9 hadi siku zetu, akatuonyesha mwaka ambao dhiki kuu ya miaka saba itaanza. Nyumbani nilijaribu kupiga hesabu mwenyewe, huo mwaka wake siupati. Tena nimesoma Ufunuo wote nikiitafuta hiyo miaka saba, sikuiona. Imeandikwa wapi? Nauliza kwa uzito kwa sababu nimebakiza mwaka mmoja chuoni, na wenzangu wawili wameshaacha masomo kwa ajili ya mafundisho haya."

Amina, ndugu yangu, asifiwe sana. Hukuiona kwa sababu haimo. Ufunuo una miezi arobaini na miwili (11:2, 13:5), una siku 1,260 (11:3, 12:6), na una "wakati na nyakati na nusu ya wakati" (12:14). Vyote vitatu ni kipimo kimoja: miaka mitatu na nusu. Anayefundisha miaka saba huchukua vipande viwili vya miaka mitatu na nusu akaviunganisha, na ruhusa ya kuviunganisha anaipata mahali pamoja tu, Danieli 9:27, panapotajwa "juma moja" linalokatwa katikati. Mstari wote uliochorewa ubaoni umetundikwa kwenye aya hiyo. Kwa hiyo tuanze na Danieli, kalamu na karatasi mkononi, tuone hesabu inafika wapi kabla hatujamuuliza mwalimu ameitoa wapi sehemu iliyobaki.

Neno lililotafsiriwa "majuma" katika Danieli 9:24 kwa Kiebrania ni mafungu ya saba, bila kutaja saba ya nini. Sura inayofuata Danieli anafunga majuma matatu (10:2), na pale Kiebrania kinaongeza neno "siku" ili msomaji asikosee. Katika sura ya 9 neno hilo halipo. Danieli alikuwa amekwisha kuwaza miaka, maana 9:2 inasema alikuwa akisoma habari za miaka sabini ya Yeremia. Tena Walawi 25:8 inamfundisha Mwisraeli kuhesabu "miaka saba mara saba", yaani 49, kisha yubile. Basi majuma sabini ni 70 mara 7, miaka 490, sawa na mizunguko kumi ya miaka 49. Hapa walimu karibu wote wanakubaliana, ingawa wapo wanaoiona 490 kama namba ya ukamilifu tu na hawaihesabu mwaka kwa mwaka.

Malaika Gabrieli anazigawa: majuma 7, halafu 62, halafu 1. Kwa miaka ni 49, 434 na 7. Majuma 7 na 62 ukiyajumlisha ni 69, yaani miaka 483. Iandike hiyo 483 juu ya karatasi yako, ndiyo utakayoitumia zaidi.

Sasa andika kanuni hii chini yake, maana wengi huteleza hapa: idadi ya miaka, toa mwaka wa KK, ongeza 1, unapata mwaka wa BK. Ile 1 inaongezwa kwa sababu hakuna mwaka sifuri. Kutoka mwaka 1 KK unaingia moja kwa moja mwaka 1 BK. Kosa hili lina historia. William Miller, mhubiri wa Marekani, alizichukua siku 2,300 za Danieli 8:14 akazihesabu kuwa miaka kuanzia 457 KK: 2,300 toa 457 ni 1843. Akatangaza kwamba Kristo atarudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Muda ulipopita, wafuasi wakagundua ile 1 iliyosahauliwa, wakapata 1844, na hatimaye siku yenyewe ikatajwa: 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao shambani bila kuyavuna. Hesabu iliyosahihishwa nayo ikapita, kwa sababu kosa lilikuwa kubwa kuliko ile 1.

Danieli 9:25 inasema muhula unaanza "tangu kuwekwa amri ya kutengeneza na kuujenga upya Yerusalemu". Biblia inaonyesha amri nne za wafalme wa Uajemi zinazoweza kudaiwa kuwa ndiyo hiyo. Ya Koreshi, 538 KK (Ezra 1), inataja nyumba ya Mungu, ila Isaya 44:28 inamhusisha Koreshi na kujengwa kwa mji. Ya Dario, karibu 520 KK (Ezra 6), inathibitisha tu ile ya kwanza. Ya Artashasta katika mwaka wake wa saba, 458 au 457 KK (Ezra 7), inampa Ezra fedha za ibada na mamlaka ya kuweka waamuzi, bila neno juu ya kuta. Na ruhusa ya Artashasta kwa Nehemia katika mwaka wa ishirini, 445 au 444 KK (Nehemia 2), inataja mji, malango na boma waziwazi, hata na barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, atoe miti.

Weka 483 juu ya kila moja. Koreshi anakufikisha 55 KK, Dario 37 KK, na katika miaka hiyo hakuna masihi wa kuonyesha. Artashasta wa 457: 483 toa 457 ni 26, ongeza 1 ni 27 BK, karibu sana na ubatizo wa Yesu. Wanaofuata njia hii, Waadventista wakiwa mstari wa mbele, huweka msalaba katikati ya juma la sabini, mwaka 31, na kupigwa mawe kwa Stefano mwaka 34, ambapo 490 inaisha. Inapendeza. Ina mkwaruzo mmoja: Luka 3:1 inaweka mwanzo wa huduma ya Yohana katika mwaka wa kumi na tano wa Tiberio, Kaisari wa Roma, na Tiberio alishika enzi mwaka 14 BK, kwa hiyo hesabu ya kawaida inakupeleka 28 au 29. Kuifikia 27 lazima uanze kumhesabia Tiberio tangu alipotawala pamoja na Augusto. Inawezekana, lakini ni uamuzi umeongezwa.

Nehemia wa 445: 483 toa 445 ni 38, ongeza 1 ni 39 BK. Umepita msalaba, kwa kuwa Pontio Pilato aliondoka Uyahudi mwaka 36, na wanahistoria wengi huuweka msalaba mwaka 30 au 33. Sasa angalia jinsi hesabu hii inavyookolewa, maana nadhani hapa ndipo karatasi yako ilipoachana na ubao wa mwalimu wako. Mwishoni mwa karne ya 19 Robert Anderson, ofisa wa polisi wa Uingereza aliyependa sana unabii, alisema mwaka wa unabii ni wa siku 360, kwa sababu Ufunuo unalinganisha miezi 42 na siku 1,260, na Mwanzo 7 na 8 zinalinganisha miezi mitano na siku 150. Miaka 483 mara 360 ni siku 173,880. Zigawe kwa 365.2422, siku za mwaka wa jua, unapata kama miaka 476. Ukianza 445 KK unatua 32 BK, na yeye alifikisha hadi siku yenyewe: kutoka 14 Machi 445 KK hadi 6 Aprili 32 BK, Jumapili ya Mitende. Baada yake Harold Hoehner aliisogeza iwe 444 KK hadi 33 BK, kwa kuwa mwaka 32 haukai vizuri na Pasaka ya Ijumaa.

Wengi wanapofika hapa husema Bwana asifiwe na kufunga kitabu. Mimi naomba usifunge bado. Wayahudi hawakuishi kwa mwaka wa siku 360. Miezi yao ilifuata mwezi mwandamo, siku 29 au 30, mwaka ukawa wa siku 354 hivi, na ulipobaki nyuma ya majira waliongeza mwezi wa kumi na tatu. Walilazimika, kwa sababu Walawi 23:10 inataka mganda wa kwanza wa mavuno uletwe katika juma la Pasaka, na shayiri haivunwi kwa kufuata kalamu. Kwa mwaka wa siku 360 usiosahihishwa, Pasaka ingerudi nyuma siku tano na kidogo kila mwaka. Baada ya miaka 35 ingekuwa nusu mwaka mbali na mavuno yake. Kwa hiyo aya zile zinaonyesha kwamba mwezi ulihesabiwa siku 30 pale ambapo muda ni mfupi. Hazionyeshi kwamba mtu aliwahi kuhesabu karne tano namna hiyo. Kwa maoni yangu Nehemia 2 inashinda kwa maneno yake, Ezra 7 inashinda kwa hesabu yake, na anayekwambia kwamba moja inashinda kwa vyote viwili hajakuonyesha karatasi yote.

Kuna kikwazo kingine ambacho semina nyingi hukiruka. Fungua Biblia ya Union, Danieli 9:25, utazame alama ya kituo iliyowekwa baada ya "majuma saba". Ikisomwa hivyo, masihi aliye mkuu anatokea baada ya miaka 49, na zile 434 ni za mji kujengwa tena "katika nyakati za taabu". Ukikiondoa kituo, 7 na 62 zinaungana kuwa 69 na masihi anatokea mwishoni mwake. Vituo havikuwamo katika Kiebrania cha awali. Viliwekwa na wanakili wa Kiyahudi karne nyingi baadaye, na tafsiri za kale hazikubaliani navyo zote. Wanaokishika kituo huona 587 KK, Yerusalemu ulipoanguka, hadi 538 kuwa miaka 49 kamili, na juma la mwisho wanaliona katika mateso ya Antioko wa Nne, mfalme wa Kigiriki wa Shamu aliyewatesa Wayahudi: kuhani mkuu Onia anauawa karibu 171 KK, dhabihu inakomeshwa 167, hekalu linatakaswa 164. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo (1:54) kinaliita tendo la Antioko "chukizo la uharibifu" kwa maneno ya Danieli. Udhaifu wao ni majuma 62: kutoka 538 hadi 171 ni miaka 367, nao wanahitaji 434. Miaka 67 haina pa kwenda. Tena Bwana Yesu, miaka kama 200 baada ya Antioko, analitaja chukizo hilo kama jambo litakalokuja (Mathayo 24:15).

Sasa aya ya 27, mzizi wa swali lako. "Naye atafanya agano thabiti na watu wengi kwa muda wa juma moja." Naye nani? Kiebrania hakimtaji, kina kitenzi tu, na Kiswahili chetu kimebaki na "naye", linalomfaa yeyote. Ukimfuata aliyetajwa karibu zaidi, ni "mkuu atakayekuja" wa aya ya 26, ambaye watu wake wanauangamiza mji. Ukimfuata aliye kiini cha habari, ni Masihi, anayekomesha dhabihu kwa kufa kwake katikati ya juma. Fundisho la mpinga Kristo kufunga mkataba wa miaka saba na Israeli limejengwa juu ya jibu la kwanza. Neno lenyewe "mpinga Kristo" halimo katika Danieli wala katika Ufunuo, linapatikana katika nyaraka za Yohana tu (1 Yohana 2:18, 22, 4:3, 2 Yohana 7). Jingine dogo lenye uzito: Kiebrania kina msemo wa kawaida wa kufanya agano, "kukata agano", na hapa hakikuutumia. Kimetumia kitenzi cha kutia nguvu. Aliyezoea kufundisha "atasaini mkataba mpya" ajue kwamba kitenzi chenyewe kinaelekea zaidi kwenye kuimarisha.

Basi juma la sabini liko wapi? Wa kwanza wanasema lilifuata mara moja baada ya la 69 na limekwisha. Wa pili wanasema baada ya masihi "kukatiliwa mbali" saa ilisimama, wakati wa kanisa uko katikati, na juma moja limewekwa kwa siku za mwisho. Mpangilio huu ulienezwa katika karne ya 19 na John Nelson Darby, na baada ya 1909 na maelezo ya Biblia ya Scofield. Lakini usikubali mtu akikwambia kwamba pengo ni uzushi wa juzi. Hippolyto wa Roma, katika karne ya 3, aliliweka juma la mwisho mwishoni mwa dunia. Hoja za wanaoshika pengo si za kupuuzwa. Aya ya 26 inataja mji na patakatifu kuangamizwa, jambo ambalo Warumi wa Tito walilifanya mwaka 70, miaka karibu arobaini baada ya msalaba, na bado inalitaja kabla ya kufika aya ya 27. Na kule Nazareti Bwana alisoma Isaya 61 akaishia "mwaka wa Bwana uliokubaliwa" (Luka 4:19), akafunga chuo, yaani kitabu, kabla ya "siku ya kisasi" inayofuata katika sentensi ileile. Nabii anaweza kuweka pamoja mambo yaliyo mbali. Hata hivyo, neno "pengo" haliko katika Danieli 9. Ni hitimisho, na linapaswa kufundishwa kama hitimisho.

Sasa rudi kwenye karatasi yako, uone kwa nini mwaka wa mwalimu haupatikani. Kama juma la sabini lilikwisha, hesabu iliisha zamani na haina la kusema juu ya kalenda yetu. Kama liko mbele, kati ya 69 na 70 kuna muda ambao Danieli hakuupa hata namba moja. Hakuna shule ya tatu inayotoa tarehe. Kila anayefika kwenye mwaka wa karibu nasi amevuka pengo kwa daraja lililotoka mahali pengine, na daraja hilo ndilo la kukagua.

Madaraja yanajulikana. La kwanza ni mtini wa Mathayo 24:32: wanauhesabu mtini kuwa taifa la Israeli, wanaanza 1948, wanaongeza kizazi cha miaka 40, wanapata 1988. Mwaka ulipopita wengine walihamia 1967, mwaka wa vita ya siku sita, wakapata 2007; wengine wakaongeza urefu wa kizazi kuwa 70 au 80 kwa Zaburi 90:10. Luka akieleza mfano uleule anaandika "mtini na miti mingine yote" (21:29), na mfano wa taifa moja hauwezi kubeba miti yote. La pili ni siku moja kuwa kama miaka elfu (2 Petro 3:8), inayogeuzwa kuwa kipimo. Askofu Ussher aliweka uumbaji 4004 KK; ongeza 6,000, kwa kanuni yetu ni 1997. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, aliweka gharika 4990 KK, akaongeza 7,000, akatangaza 21 Mei 2011. Petro alikuwa akieleza kwa nini Mungu anakawia kwa uvumilivu, na maneno yake ni "kama".

Ukikutana na mwalimu wako, mwendee kwa heshima, faragha, si mbele ya vijana wengine. Mwulize ameanza na amri ipi, mwaka wake una siku ngapi, na ni andiko gani linalopima muda kati ya juma la 69 na la 70. La tatu ndilo litakalokaa kimya. Akisema ameonyeshwa na Roho, msomeeni pamoja Matendo 1:7, ambapo mitume waliuliza swali hilohilo na Bwana mfufuka akawajibu kwamba si kazi yao kujua nyakati wala majira. Msomeeni pia 2 Wathesalonike 2:2: Paulo anawasihi wasifadhaishwe upesi "kwa roho, wala kwa neno, wala kwa waraka" wa kusema kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo. Njia zote tatu ambazo habari kama hizi huingilia amezitaja kwa majina. Na ukimkuta anaamini unyakuo kabla ya dhiki na wewe huamini, au kinyume chake, hilo lisiwatenge. Wote mnamngoja Bwana mmoja.

Kuhusu chuo, angalia kitabu ambacho Danieli alikuwa amekifungua siku hiyo. Miaka sabini imo katika barua ambayo Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli (Yeremia 29:10). Sura moja kabla yake kuna nabii mwingine, Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akataja muda mfupi: "katika muda wa miaka miwili mizima" vyombo na mateka vitarudi. Watu wangapi walifunga mizigo, Biblia haisemi. Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Na barua yenye hesabu ya kweli, ile ya sabini, inaanza kwa maagizo kabla ya kutaja namba: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, mzae, mkautakie amani mji mlio ndani yake na kuuombea. Wasomee wale wenzako wawili sura ya 28 na 29 kwa mfululizo, kikao kimoja. Halafu nendeni mkaulize ofisi ya chuo kama bado wanaweza kurudishwa muhula huu.